Umejiita Boutique, Mteja Anaelewa Nini?

Pita Instagram jioni moja uangalie majina ya kurasa za nguo. Fulani Boutique, Fulani Store, Fulani Collection. Sina ugomvi na Kiingereza kwenye biashara, jina tamu linauza. Ila wauzaji wenzangu, hilo neno ulilobandika pale juu linamwambia nini mteja kabla hujamjibu?

Boutique Waingereza waliliazima kwa Wafaransa karne ya 18, na kwa Wafaransa ni duka dogo tu, la chochote. Ndiyo maana ukiwa Bujumbura au Bukavu ukaambiwa kuna butiki pale kona, usitegemee magauni. Utakuta sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Ukilifuata nyuma zaidi linapita Kilatini hadi Kigiriki, apotheke, yaani mahali pa kuhifadhia vitu. Ghala kabisa! Wajerumani duka la dawa wanaliita Apotheke mpaka leo.

Maana yetu, kaduka ka nguo zilizochaguliwa, ilishika kasi London miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1955 Mary Quant alifungua duka King's Road, akaliita Bazaar (neno la Kiajemi hilo, soko). Vijana walifuata nguo alizobuni mwenyewe, ambazo maduka makubwa hayakuwa nazo. Walichokuwa wananunua pale ni jicho la mwenye duka.

Sasa wewe leo umeposti gauni, kesho chaja, keshokutwa blenda. Aliyekufuata kwa ajili ya magauni anaondoka kimya kimya. Kuuza vyote si dhambi, mangi wa mtaani anauza vyote na watoto wanasoma. Lakini boutique hiyo siyo.

Store ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa Waingereza neno hili lilianza na maana ya akiba, kisha mahali pa kuitunzia. Wamarekani ndio waliolizoesha kuwa duka la kawaida. Sisi tulilipata kwa Waingereza, tukapata stoo, kile chumba cha magunia na makorokoro. Kwa hiyo Mswahili akisoma Store, kichwani anasikia: mzigo upo.

Halafu anauliza "ipo?" unamjibu "tunaagiza, wiki tatu, tanguliza nusu". Hapo hapo anahisi utapeli, hata kama wewe ni mwaminifu kuliko wote. Kuna ukurasa mmoja wenye Store kwenye jina niliulipa viatu vya shule vya mtoto. Nimeshatuma hela ndipo naambiwa mzigo bado uko China. Shule ikafunguliwa, viatu havijafika. Vilikuja baadaye, vizuri tu, ila sijarudi pale tena na ndugu zangu nimewaambia.

Biashara ya oda ni halali, wengi tumeanzia huko kwa kukosa mtaji. Mteja anachotaka ni kujua kabla hajatoa pesa, basi.

Na neno duka mnalolionea aibu? Linatoka kwenye dukkan ya Kiarabu, na dukkan ni duka na pia ni benchi, kama kibaraza cha kukalia. Mwenye mali anakaa pale, bidhaa ziko mbele yake, unamwona uso. Hicho ndicho mteja wa mtandaoni anachokikosa. Nikiona ukurasa umeandikwa "Duka la Vitenge, Mbagala" na bei zimewekwa wazi, mimi nauamini haraka kuliko Luxury Store yenye "bei njoo inboksi".

Kama jina lako limeshazoeleka usilibadili, wateja watakupotea. Badili maelezo ya chini yake: unauza nini, mzigo uko mkononi au ni wa kuagiza, unamfikia mteja baada ya siku ngapi. Na kwenye kila picha ya kitu cha kuagiza andika "kwa oda", maana wengi wanaona picha tu, hawafiki kwenye maelezo.