Mgonjwa wa Saratani Si Tarishi wa Faili Lake

Mama yangu mkubwa ni mkulima wa mikorosho, kijijini Ruangwa. Alianza kutokwa damu ilhali hedhi yake ilishakoma miaka mingi. Zahanati wakampa dawa za maambukizi. Akarudi, wakampa tena. Mara ya tatu wakamwandikia rufaa, na hapo ndipo safari ilipoanza.

Hospitali ya kwanza (sitaitaja, maana tatizo si la jengo moja) walimkata kinyama cha kupima, wakamwambia majibu yatakuja. Lini? Nani atampigia? Hakuna aliyesema. Mwezi ukapita. Akapanda basi kwenda kuuliza. Dirisha la kwanza likamtuma la pili, la pili likamwambia daktari aliyempima amehamishwa. Mwezi wa tatu ndipo karatasi ikaonekana, imekaa kwenye faili muda wote huo. Nilikuwa naye siku hiyo. Akaniambia, "Mwanangu, kumbe ugonjwa wangu wanaujua wao, mimi tu ndiyo siujui."

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na ndiyo mojawapo ya zile zinazotibika vizuri zikiwahiwa. Alipofika Dar es Salaam daktari alisema wazi: angewahi, huenda upasuaji ungetosha. Sasa ni mionzi, siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki.

Makamanda, tukizungumzia afya tumezoea kudai majengo na mashine. Tuna haki. Kutoka Nachingwea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ni zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar hadi Lindi ilikatika kule Somanga. Mwenye tarehe ya mionzi wiki ile alifanyaje? Mionzi haisubiri barabara, na siku zinazorukwa zinapunguza nafasi ya kupona.

Lakini mama mkubwa hakupoteza miezi ile kwa kukosa mashine. Aliipoteza kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumfuatilia. Zahanati ilimaliza kazi yake ilipoandika barua. Maabara ilimaliza ilipotoa majibu. Kila mtu alifanya kipande chake, na katikati ya vipande alibaki mwanamke mmoja na bahasha ya kaki mkononi.

Tofauti niliiona baadaye. Kwenye hatua moja ya matibabu alimkuta nesi aliyeandika namba yake ya simu nyuma ya kadi, akamweleza siku ya kuja, chakula cha kula, dalili za kumfanya arudi haraka. Siku moja kabla ya kliniki anampigia. Ugonjwa ni uleule, basi ni lilelile, umaskini ni uleule (mikorosho ilishawekwa rehani msimu ule). Ila mama mkubwa aliacha kulia usiku. Alijua kesho kuna nini. Tatizo ni kwamba nesi yule alifanya hivyo kwa moyo wake na kwa vocha yake. Akihamishwa, huduma imehamishwa.

Hili si jambo la kubuni leo. Mwaka 1990 daktari Harold Freeman, katika hospitali ya Harlem, New York, aliweka watu wa kuwashika mkono wanawake maskini wenye saratani ya matiti, kuanzia siku uvimbe unapoonekana hadi tiba inapokamilika. Pamoja na upimaji wa bei nafuu, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walipanda kutoka asilimia 39 hadi 70. Kilichoongezwa kikubwa ni mtu na orodha ya majina.

Sasa sheria, maana ndiyo ninayosoma. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa maradhi. Inapendeza. Kisha soma Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Yaani haki imeandikwa, mlango wa kuidai umefungwa. Wanaotuuliza Katiba mpya italeta ugali gani mezani, waonyesheni ibara hizo mbili. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeahidi mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Vizuri, ila kadi ya bima haitafuti majibu yaliyopotea.

Ruangwa ndiyo jimbo lililolipa taifa Waziri Mkuu mwaka 2015. Kama ukaribu na madaraka ungetosha, mama mkubwa asingezungushwa.

Kwa hiyo tudai mambo manne, na tuyaandike kwenye ilani yetu pia tusije tukawa wa kulalamika tu. Kila hospitali ya wilaya iwe na mratibu wa wagonjwa wa saratani, mwenye simu, vocha na orodha. Majibu ya kinyama yawe na siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa. Anayepelekwa Dar apangiwe nauli na pa kulala, sio barua tu. Na anaporudi, zahanati ya kijijini ipewe taarifa zake.

Wewe unayesoma hapa, anza na diwani wako. Muulize: majibu ya vipimo vya saratani wilayani kwetu yanachukua siku ngapi, na ni nani anayempigia mgonjwa? Asipojua, mwombe aulize kwenye kikao cha baraza la madiwani, jibu liingie kwenye kumbukumbu.

Mama mkubwa alimaliza mionzi. Kliniki yake ijayo ameikariri, hahitaji kadi.