Kamera Zinatuficha Safari Rally

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulichanga nauli, tukapanda matatu hadi Naivasha kuona Safari Rally kwa macho yetu. Gari unalisikia kabla ya kuliona. Likipita, vumbi linakujaa mdomoni na changarawe zinaruka hadi unarudi nyuma bila kuambiwa. Jioni, kwenye runinga ya hosteli, nikaona kona ileile ikiwa imepigwa kutoka kwenye helikopta. Jamani! Gari lilikuwa kama kibiriti kinachoteleza mkekani. Komredi mmoja aliyebaki chuoni akauliza, "Sasa hizi ndizo mbio mlizochomea nauli?" Nikakosa jibu.

Shida si uchache wa kamera. Helikopta ipo, droni zipo, na kamera zimefungwa hadi ndani ya magari. Shida ni anayechagua picha. Ukiwa angani, mabonde yanalala, mawe yanapotea na mwendo unapungua. Kamera ya ndani ndiyo inayoonyesha dereva akipigana na usukani huku mwelekezi wake akimsomea kona. Hiyo tunapewa sekunde chache tu, halafu tunarudishwa juu kutazama ziwa na twiga.

Jambo la pili ni saa. Kwenye rally magari hayafukuzani bega kwa bega. Kila moja linaondoka peke yake na kushindana na muda. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, Sébastien Ogier alimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8 baada ya siku nne. Pengo kama hilo jicho haliwezi kulipima. Muda usipobaki kwenye skrini, anayetazama anaona magari yakipita tu, na ana haki ya kupiga miayo.

Linaloniuma zaidi ni la tatu. Magari ya timu kubwa yakishapita, mara tunahamishiwa studio, na madereva wetu wanapita bila shahidi. Mwaka huohuo wa 2021 Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa. Wakenya watatu ndani ya kumi bora! Waulize makomredi wa bweni lako ni wangapi waliowaona wakiendesha. Na hapa si suala la fahari pekee. Mdhamini haweki pesa kwenye gari lisiloonekana, na dereva asiye na mdhamini hukaa nyumbani. Kisha tunaulizana mbona Wakenya hawashindi.

Najua nitajibiwa kwamba matangazo ya dunia ni ghali, na kwamba mtazamaji wa Finland au Japani anataka kumwona wa kwao. Sawa, hata mimi namtaka wa kwetu. Ndiyo maana stesheni zetu zisikae tu kupokea picha za wageni. Ziweke kamera mbili chini, karibu na usawa wa barabara, ziache muda kwenye skrini, na zisizime hadi gari la mwisho lipite. Nanyi mnaosomea filamu, kazi ndiyo hiyo, iko Naivasha inawangoja.

Hapo yule komredi wa hosteli ataelewa nauli yetu ilienda wapi. Labda safari ijayo atachanga na yeye.