Kinywaji Kisicho na Kwao

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa adabu za meza: uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, divai nyeupe pamoja na samaki, divai nyekundu pamoja na nyama. Wengi wetu tuliicheka elimu hiyo, tukiona ni mabaki ya wakoloni. Leo nakiri kwamba tulicheka kabla ya kuelewa.

Chukueni mfano wa divai nyeupe iitwayo Sancerre, itokayo katika vilima vilivyo kando ya Mto Loire huko Ufaransa. Wakulima wa vilima hivyo hufuga pia mbuzi, na jibini ya maziwa ya mbuzi wa kijiji cha Chavignol ndiyo inayoliwa pamoja na divai hiyo. Ukishuka mto huo hadi karibu na bahari, utakuta divai nyingine nyeupe, Muscadet, ambayo wenyeji huinywa wakila chaza. Kinywaji na chakula vimetoka katika udongo mmoja na maji mamoja. Mwaka 1935 Ufaransa iliunda chombo cha taifa cha kulinda majina ya divai, na mwaka 1936 jina la Sancerre likapata ulinzi huo. Divai isiyotoka katika vilima vile haina ruhusa ya kuitwa Sancerre.

Ndugu askari, sisi wa West Nile tunakosa nini? Hapa Onduparaka, na kote Arua hadi Koboko, mama zetu hupika kwete kwa unga wa mahindi au mihogo pamoja na kimea. Tunao angara, samaki mkavu atokaye katika Mto Nile na Ziwa Albert, anayepikwa kwa simsim au karanga na kuliwa kwa posho ya mtama na mihogo. Tunao mbuzi. Chakula hicho na kwete ni ndugu wa tumbo moja, kama ilivyo Sancerre na jibini yake.

Lakini tunakunywaje? Tunakunywa kwanza, chakula baadaye, au bila chakula kabisa. Tena kijana aliyepokea mshahara huiona kwete kuwa ya wazee, akakimbilia pombe kali yenye nembo ya kupendeza, asiyojua imetengenezwa na nani wala kwa kitu gani. Mwezi Aprili 2010, huko Kabale, waragi iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu. Mwezi Agosti 2022 msiba ukafika kwetu: watu zaidi ya kumi walikufa Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa pombe kali iliyouzwa ikiwa imefungwa kama bidhaa halali ya kiwanda. Hawakuuawa na chungu cha jirani wanayemjua. Waliuawa na kinywaji kisicho na kwao.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, askari asinywe kabla ya kula, na asinywe kamwe akiwa zamuni au akiwa na silaha. Sheria ya jeshi ya mwaka 2005 inahesabu ulevi kuwa kosa, na raia anayetishwa na mlevi mwenye bunduki hawezi tena kutuita jeshi la wananchi. Pili, ndugu zetu polisi waelekeze nguvu zao kwa wachanganyaji wa sumu na wauzaji wao. Ni rahisi kumwaga chungu cha mjane anayesomesha watoto kwa kwete. Ni vigumu kugonga mlango wa tajiri mwenye ghala. Wajibu uko kwenye mlango huo mgumu. Tatu, halmashauri zetu ziwaandikishe wapishi wa kwete, zikague maji na vyombo vyao, na kila kinywaji kiuzwe kwa jina la mahali pake na la mpishi wake.

Ndugu zetu Waislamu na wengine wasiokunywa wamejiepusha na hesabu hii yote, na hakuna askari mwenye haki ya kuwadhihaki. Lakini anayekunywa na ajiulize maswali mawili kabla ya kuinua bilauri: Kinywaji hiki kimetoka kwa nani? Nami nimekula nini? Akikosa jibu la swali moja, aiweke chini.