Kuitika Wito Si Kuweka Nadhiri

Miongoni mwa mambo ambayo shule zetu huyapita kimyakimya ni habari ya mwanafunzi Mkatoliki anayehisi kwamba Mungu anamwita awe padri, bruda au mtawa. Katika vipindi vya kuwaelekeza vijana kuhusu kazi za maisha, utasikia uhandisi, uuguzi, sheria na kompyuta. Utawa hautajwi hata kwa kupitiwa. Basi kijana hubaki na swali lake kifuani, na pamoja na swali hilo hubaki na hofu. Nitaizungumzia hofu hiyo kwa kumtazama kijana wa Takaungu na viunga vyake, kwani yamkini hapana mahali katika nchi hii ambapo hofu hiyo ina sababu nyingi zaidi.

Takaungu ni mji wa Kiislamu, uliostawishwa na Wamazrui baada ya Seyyid Said kuwaondoa Mombasa mwaka 1837. Upande wa bara wanaishi Wamijikenda. Wakatoliki ni wachache. Kijana wa Kigiriama akisema anataka kuwa padri, swali la kwanza la nyumbani halihusu imani hata kidogo. Linahusu jina. Kwa desturi mjukuu huitwa kwa jina la babu yake, na kwa njia hiyo babu hurudi nyumbani. Mwana asiyeoa huonekana kama amemfungia babu mlango. Hili si jambo dogo, wala halifai kudharauliwa kwa kuitwa ushirikina, kama wahubiri wengine wanavyopenda kufanya. Jirani Mwislamu naye, kwa nia njema kabisa, atashangaa mtu mzima mwenye afya akikataa ndoa, maana katika dini yake ndoa ni sehemu ya ibada. Tena iko hofu nyingine, ya kwamba jambo lenyewe ni la Wazungu. Jimbo la Malindi lilipoundwa mwaka 2000, askofu wake wa kwanza, Francis Baldacchino, alikuwa Mkapuchini kutoka Malta. Aliyemfuata, Emanuel Barbara, vilevile. Ilikuwa mwaka 2020 ndipo Mkenya, Willybard Lagho, alipoteuliwa kukalia kiti hicho.

Katika hofu hii ya ugeni, lugha ina la kusema. Neno padri, ni kweli, tulilipata kwa Wareno. Lakini neno mtawa halikuja na meli yoyote. Limetokana na kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu kwa ajili ya heshima na ucha Mungu, nalo lilitumiwa na Waswahili Waislamu kuwasifu wanawake wa miji kama hiyo hiyo ya Takaungu. Wamisionari walipotafuta neno la kumwita mtu aliyeutoa uhai wake wote kwa Mungu, walilikuta limekwisha kukaa barazani likiwasubiri. Nadhiri nayo ni neno la Kiarabu ambalo kila msomi wa chuoni analijua. Msichana wa Takaungu anayesema anataka kuwa mtawa hasemi neno la kigeni. Bibi wa jirani analielewa, ingawa huenda asikubaliane na namna linavyotumiwa.

Sasa tulitazame neno wito. Limetokana na kuita, na kuita hudai kuitika. Katika adabu za pwani, mtoto akiitwa na mkubwa wake hujibu: wa kiume husema naam, wa kike husema labeka. Hujibu kabla hajajua anaitiwa nini. Huenda anatumwa dukani, huenda anakaripiwa, huenda anapewa tende. Kuitika kwake maana yake ni kwamba amesikia na anakuja. Hakumaanishi kwamba amekwisha kukubali safari asiyoijua. Nionavyo mimi, hofu kubwa ya vijana wetu imezaliwa na kuyachanganya mambo haya mawili. Wanadhani kwamba siku watakapomwambia padri wa parokia, “Nadhani ninaitwa,” siku hiyo mlango utafungwa nyuma yao na ufunguo kutupwa baharini.

Kanisa lenyewe halifikiri hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimruhusu mtu kuanza unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi wenyewe hauwezi kupungua miezi 12. Baada yake huja nadhiri za muda, zisizopungua miaka 3, na muda huo waweza kurefushwa hadi miaka 9. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Katika kipindi cha unovisi, novisi yuko huru kuondoka, na shirika nalo liko huru kumrudisha nyumbani. Muda wa nadhiri za muda ukiisha, anayetaka kwenda zake huenda bila kuvunja neno lake. Ni ndoa ngapi za Kilifi, au za Nairobi, zinazotanguliwa na miaka mingi hivyo ya kutafakari? Aliyerudi kutoka seminarini huchekwa kijijini kana kwamba ameshindwa mtihani, ilhali amefanya lile hasa ambalo muda huo uliwekewa.

Hofu ya wazazi ni ngumu zaidi, na sheria haiwezi kuitatua. Maurice Otunga alikuwa mwana wa Chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, naye alitazamiwa kukirithi kiti cha baba yake. Aliachana na kiti hicho, akapewa upadri mwaka 1950, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Leo tunamtaja kwa fahari na kusahau kwamba siku alipokataa, hakuna aliyejua habari ya kardinali. Kilichoonekana ni mwana aliyeacha urithi. Nchini Kongo, Anuarite Nengapeta alipanda lori lililowachukua wasichana waliokwenda kujiunga na shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, bila mama yake kujua. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Simwambii msichana yeyote apande lori kwa siri. Nasema tu kwamba hata hao tunaowaombea msaada walikuwa na mama wa kuwalilia.

Hata hivyo si kila hofu ni ya kushindwa. Nyingine inasema kweli na yafaa isikilizwe. Kijana anayekimbilia seminari kwa sababu karo ya chuo haipatikani, kisha akakosa usingizi kila akifikiria useja, huyo hofu yake inamfanyia hisani. Mzazi anayeuliza binti yake atalindwa na nani huko aendako hana imani haba: mwaka 2019 Papa Fransisko mwenyewe alikiri hadharani kwamba watawa wamedhulumiwa kimwili na mapadri na hata maaskofu. Shirika lisilopenda kuulizwa swali hilo halistahili kupewa binti.

Namna ya kupambanua kati ya hofu hizi mbili ilikwisha kuandikwa zamani na Ignatius wa Loyola, mwalimu wa yule Francis Xavier aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Ignatius anakataza kubadili uamuzi wakati moyo umeingia giza, ngoja pambazuko. Anashauri pia umfikirie mtu usiyemjua kabisa, mwenye swali kama lako, ujiulize ungemshauri nini, kisha ulifuate shauri hilo wewe mwenyewe. Ni zoezi ambalo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kulifanya usiku mmoja, akiwa na kalamu na karatasi.

Walimu wenzangu, yule kijana akija mlangoni kwenu, msimsukume wala msimcheke. Mwulizeni anaogopa nini hasa, naye alitaje jambo lenyewe: ni mama, ni jina la babu, ni useja, au ni kicheko cha wenzake? Kisha mpeni anwani ya mkurugenzi wa miito wa jimbo, na muda wa kutosha wa kuamua kama ataandika barua au hataandika.