Funzo la Bonde la Mizabibu

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Hata hivyo, wapo wanaotembea sana wasione kitu. Kila mwaka halaiki ya watu huzuru mashamba ya mizabibu na viwanda vya mvinyo katika Bonde la Willamette, jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Wengi huonja, husifu, hununua chupa, kisha huenda zao. Lakini asiyegusa kileo kabisa anaweza kurudi kutoka bonde hilo na faida kubwa kuliko hao wote, mradi awe ameuliza limepataje kuwa lilivyo.

Willamette limo kati ya milima ya Pwani upande wa magharibi na ile ya Cascade mashariki. Hewa yake ni ya ubaridi, na mvua huweza kunyesha kabla mavuno hayajakwisha. Penye joto kali, zabibu hujaa sukari upesi na kupungukiwa na uchachu. Hapa huiva polepole, uchachu wake ukabaki. Zamani wajuzi wengi waliliona bonde hilo kuwa la baridi mno.

Miongoni mwao walikuwamo walimu wa David Lett, aliyesomea kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha California mjini Davis. Walimwonya kwamba zabibu za Pinot Noir hazingefaulu huko. Lett hakubishana kwa maneno. Aliilinganisha hali ya hewa ya Willamette na ya Burgundy, Ufaransa, ambako zabibu hizo zina sifa tangu kale, na mwaka wa 1965 akapanda miche yake. Kiwanda chake alikifungua katika jengo kuukuu lililokuwa la kuchinjia bata mzinga, mjini McMinnville.

Subira ilivuta heri. Mnamo 1979, katika mashindano jijini Paris, mvinyo wake wa 1975 uliingia katika kumi bora. Mfanyabiashara mashuhuri wa Burgundy, Robert Drouhin, aliandaa marudio mwaka wa 1980. Mvinyo huo ukawa wa pili. Mnamo 1987 familia ya Drouhin ilinunua ardhi katika vilima vya Dundee, humo humo bondeni.

Leo mgeni huonyeshwa miteremko ya udongo mwekundu uliotokana na volkano, na mapipa ya mwaloni yaliyopangwa ghalani. Mezani huwekwa chombo cha kutemea, kwani mwonjaji makini hutema ili akili ibaki timamu apambanue. Hata kuonja kumbe ni somo.

Hatumhimizi mwanafunzi yeyote kunywa pombe. Tunalosema ni kwamba walimu wa Lett hawakuwa wajinga. Walipima bonde geni kwa kipimo cha mashamba ya joto waliyoyazoea. Kosa hilo laweza kumpata mwalimu yeyote. Katika shule zetu wangali wapo wanafunzi wanaonyamazishwa kwa kuwa swali lao halimo kitabuni. Kuuliza si ujinga. Mwalimu asiyekubaliana na mwanafunzi wake na ampe kipande cha bustani ya shule, ajaribu. Naye mwanafunzi akumbuke kwamba Lett aliwapinga walimu wake akiwa ameshika jembe, akangoja miaka kumi na minne kabla ya Paris kumsikia.