Aliyevunjika Uti wa Mgongo Hajastaafu Maisha

Katika ofisi za wizara, idara na halmashauri zetu hufika mezani majalada ya aina moja. Ndani ya jalada imo barua ya daktari inayoeleza kwamba mtumishi fulani, awe mwalimu au karani, dereva au bwana shamba, amepata ajali. Uti wa mgongo umevunjika. Miguu haina nguvu tena. Ameruhusiwa kutoka hospitali akiwa katika kiti cha magurudumu. Ofisa mhusika anatakiwa kuandika maoni yake. Upo mstari mmoja ambao ni rahisi sana kuuandika: astaafishwe kwa sababu za afya.

Mstari huo huandikwa kwa nia njema. Anayeuandika huona kwamba anamhurumia mwenzake na kumwondolea taabu. Pamoja na nia hiyo njema, hatuna budi kuuliza: ni nani aliyethibitisha kwamba mtu aliyepoteza nguvu za miguu amepoteza pia kazi yake? Na je, mtumishi mwenyewe ameulizwa?

Tatizo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2013, lilikadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 250,000 na 500,000 duniani hupata jeraha la uti wa mgongo. Wengi huumia katika ajali za barabarani, wengine kwa kuanguka, wengine kwa kupigwa au kujeruhiwa. Hapa kwetu kila mmoja anazijua ajali hizo: basi lililopinduka, pikipiki iliyogongwa, mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, kijana aliyefukiwa na kifusi machimboni. Aghalabu wanaoumia ni watu wenye nguvu za kufanya kazi, ambao familia zao zinawategemea. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba miongoni mwa watu wazima wenye jeraha hili duniani, zaidi ya 60 katika kila 100 hawana ajira.

Ili tuelewane, ni vizuri tueleze jeraha lenyewe. Uti wa mgongo ni mnyororo wa pingili za mifupa. Katikati ya pingili hizo imepita kamba laini ya mishipa ya fahamu, ambayo walimu wa biolojia huiita ugwe mgongo. Kamba hiyo huchukua amri kutoka kwenye ubongo kuzipeleka viungoni, na kurudisha kwenye ubongo habari za maumivu, joto na mguso. Pingili ikivunjika na kuiumiza kamba hiyo, mawasiliano huharibika kuanzia hapo kwenda chini. Aliyeumia shingoni huweza kupoteza nguvu za mikono na miguu. Aliyeumia chini ya shingo hupoteza nguvu za miguu, lakini mikono yake hubaki mizima. Pamoja na nguvu huweza kupotea hisia za ngozi na uwezo wa kuzuia haja ndogo na kubwa. Hadi leo sayansi haijapata dawa ya kuirudisha kamba hiyo katika hali yake ya zamani.

Lakini ubongo uko palepale. Mwalimu aliyekuwa akifundisha hisabati kabla ya ajali anaijua hisabati ileile baada ya ajali. Mhasibu hajasahau vitabu vyake. Karani wa masjala bado anajua jalada lipi liko wapi.

Historia inatufundisha jambo kubwa juu ya suala hili. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa ni wa kungoja kifo, na wengi walikufa kweli katika muda mfupi. Hawakuuawa na pingili iliyovunjika. Waliuawa na vidonda vya kulalia vilivyooza mpaka kufika kwenye mfupa, na maradhi ya kibofu na figo. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, Dakta Ludwig Guttmann, aliyekuwa mkimbizi kutoka Ujerumani, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa namna hiyo. Alikataa kuwangojea wafe. Aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Vibofu vyao vitunzwe kwa usafi. Na mara wapatapo nafuu wafundishwe kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Kutokana na mashindano hayo madogo ilizaliwa michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, ambayo mwaka 1960 ilifanyika Roma.

Mmoja wa washindi wa Roma alikuwa mwalimu, na aliumia katika bara letu hili. Bibi Margaret Maughan, Mwingereza, alikuwa akifundisha Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, alipopata ajali ya gari mwaka 1959 na kupooza miguu. Alipelekwa Stoke Mandeville, akajifunza upya kuishi, na mwaka uliofuata akapata medali ya dhahabu ya kulenga mishale. Mwaka 2012, miaka 53 baada ya ajali yake, yeye ndiye aliyewasha mwenge mkuu wa michezo hiyo mjini London. Alifariki mwaka 2020. Kama jalada lake lingefungwa mwaka 1959 kwa kuandikwa kwamba maisha yake yamekwisha, aliyeandika hivyo angekuwa amekosea kwa zaidi ya miaka 60.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Guttmann hakugundua dawa ya kuunganisha mishipa. Dawa mpya za kuua vijidudu zilimsaidia, ni kweli, lakini alichobadilisha hasa ni mwenendo wa watu waliomzunguka majeruhi. Na mwenendo ni jambo ambalo hata nchi isiyo tajiri inaweza kulibadilisha.

Mabadiliko hayo hayana budi kuanzia nyumbani. Majeruhi hutibiwa katika hospitali zetu kubwa, kama vile Taasisi ya Mifupa Muhimbili mjini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi, lakini siku ya kuruhusiwa huja, na baada ya hapo wauguzi wake ni mama, mke, mume na watoto. Watu hawa wasirudishwe nyumbani na mgonjwa pasipo mafunzo. Wajue kwamba asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kwamba anayeketi kwenye kiti cha magurudumu hujiinua au huinuliwa kila robo saa au nusu saa, ili makalio yapate damu. Kwamba ngozi hukaguliwa kila siku, kwa kioo ikibidi, kwa sababu asiyesikia maumivu hajui kwamba kidonda kimeanza. Wajue kwamba bakuli la uji wa moto likiwekwa mapajani linaweza kumbabua mtu bila mwenyewe kuhisi. Wafundishwe usafi wa mpira wa mkojo. Na kwa aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo, wajue kwamba kuumwa kichwa ghafla, pamoja na kutokwa jasho, ni alama ya hatari: aketishwe wima, mpira wa mkojo uangaliwe kama umejikunja au kuziba, na apelekwe kwa mganga upesi.

Yako pia mambo ambayo watu huyasema kwa kunong'ona tu. Majeruhi huuliza kama ndoa yake imekwisha na kama ataweza kupata mtoto. Haya ni maswali halali na yana majibu. Wanawake wengi wenye jeraha hili wameshika mimba na kujifungua. Wanaume nao wanayo misaada ya kitaalamu. Anayenyimwa majibu hayo hujijibu mwenyewe gizani, na jibu la gizani huwa ni la kukata tamaa. Huzuni kubwa baada ya ajali si ukosefu wa imani wala udhaifu wa tabia. Ni sehemu ya jeraha, nayo yahitaji kutibiwa. Mara nyingi anayefaa sana kuanza tiba hiyo ni mtu mwingine mwenye kiti cha magurudumu, aliyetangulia kupita njia hiyohiyo.

Sasa turudi ofisini. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 27 ya Mkataba huo inalinda haki ya kufanya kazi hata kwa mtu aliyepata ulemavu akiwa tayari yuko kazini. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba walau asilimia 3 miongoni mwao ni watu wenye ulemavu. Kwa aliyeumia akiwa kazini uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, ambao mafao yake yanahusu matibabu, utengemao na hata malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia aliyeumia vibaya. Lakini mtu aliyelala kitandani hawezi kwenda kujaza fomu. Ofisa utumishi anayekaa na karatasi hizo, akingoja zifuatwe na mwenye kiti cha magurudumu, anaivunja haki kwa kutotenda.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi yetu bado ina mahitaji mengi, na kwamba fedha za lifti na vifaa vya ghali hazipo. Hoja hiyo tunaielewa. Hata hivyo, mengi tunayoyazungumzia hayahitaji lifti. Darasa la mwalimu aliyeumia likihamishwa kutoka ghorofani kwenda chini, Serikali haitoi hata senti moja. Inabadilishwa ratiba tu. Mteremko mlangoni, wenye urefu wa sentimita 12 kwenda mbele kwa kila sentimita moja ya kupanda, ni kazi ya fundi mwashi mmoja na mifuko michache ya saruji. Mlango wa choo ukipanuliwa, ubao ukishushwa, mtumishi akihamishiwa kituo kilicho karibu na nyumbani kwake, tatizo kubwa linakuwa dogo. Tusisahau pia kwamba mwalimu anayestaafishwa kabla ya wakati ni hasara. Taifa limemsomesha kwa miaka mingi, na darasa lake litahitaji mwalimu mwingine.

Shule zina wajibu wa pili. Mtoto aliyeumia asiambiwe akae nyumbani mpaka apone, maana kwa wengi kupona kwa namna hiyo hakutatokea, na miaka ya masomo haimngojei mtu. Wanafunzi wenzake wanaweza kumsukuma, kumbebea madaftari na kucheza naye. Huo nao ni ufundishaji. Vilevile walimu wafundishe kwamba mtu anayedhaniwa kuumia mgongo asivutwe mikono na miguu na kutupwa nyuma ya gari. Kichwa, shingo na mgongo vishikwe katika mstari mmoja, na alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Uharaka usio na maarifa umeweza kuligeuza jeraha dogo kuwa la maisha.

Hatusemi kwamba kila aliyeumia anaweza kurudi kwenye kazi yake ya zamani. Wapo ambao maumivu, au jeraha la shingo, havitawaruhusu, na kwao kustaafu kwa heshima na mafao kamili ni haki. Hatusemi pia kwamba maisha ya kiti cha magurudumu ni mepesi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi wenye miguu tusijifanye tunaujua uzito wake. Tunachosema ni kwamba uamuzi usitolewe kwa kuutazama mwili peke yake. Hata neno tulilolizoea la "wasiojiweza" linahukumu kabla ya kuuliza, kwa sababu mara nyingi kinachomshinda mtu ni ngazi sita za ofisi yetu.

Hujafa hujaumbika. Aliye na kalamu leo anaweza kuwa ndani ya jalada kesho. Kwa hiyo tunatoa rai kwa maofisa wetu. Kabla ya kuandika maoni, ofisa amtembelee mtumishi huyo nyumbani kwake. Amwulize anaweza kufanya nini na anataka kufanya nini. Apime mlango wa ofisi na wa choo, aangalie ni kazi gani nyingine iliyopo katika idara, kisha ayaandike yote hayo ndani ya jalada. Akishafanya hivyo, na akaona bado pana haja ya kuuandika mstari ule mmoja, basi auandike.