Mgeni wa Baiskeli Pwani ya Ziwa

Jamaa zangu wa Mombasa walicheka nilipowaambia kwamba nakwenda Kisumu kuizunguka Ghuba ya Winam kwa baiskeli. "Kwani umekosa nauli?" wakaniuliza. Kwao, na kwa wengi wetu wa Pwani, baiskeli ni chombo cha muuza samaki na mchukuzi wa maji. Mtu mwenye uwezo hupanda basi, akalala, akaamshwa afikapo. Nami naona kwamba usingizi huo ndio unaotufanya tusiijue nchi yetu.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, mji huo ukiitwa Port Florence. Sisi na wao tumekaa kwenye ncha mbili za reli moja kwa zaidi ya miaka 120. Kabla ya hapo wazee wetu walikwenda na misafara kwa miguu hadi Mumias, kwa Nabongo Mumia. Si yote waliyoyafanya njiani yalikuwa mema, lakini biashara yao ndiyo iliyoufikisha Uislamu huko, na walipolala vijijini walijifunza lugha za wenyeji. Leo sisi wajukuu wao humwita kila atokaye upande huo "mtu wa bara", tukadhani tumekwisha kumjua.

Basi niliondoka Kisumu baada ya sala ya alfajiri, upepo ukiwa mdogo. Hadi Ahero njia ni tambarare, na mashamba ya mpunga ya Uwanda wa Kano yametandazwa pande zote. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba baiskeli, ambayo kwangu mimi ilikuwa matembezi, kwa mkulima wa huko ni punda na ni gari. Niliona magunia ya mpunga, madebe ya maziwa, mbao, kuku na hata kitanda, vyote vikienda sokoni juu ya keria. Bwana mmoja wa makamo, na baiskeli yake nyeusi isiyo na gia, alinipita na gunia lake nyuma, akapiga kengele na kunisalimu kwa adabu. Niliona haya, lakini haya yenye faida.

Alasiri, nilipokwisha kupita Katito na kuelekea Kendu Bay, upepo wa ziwa ukaanza kunipiga usoni. Wavuvi wa huko, kama wavuvi wetu, hutoka na umande na kurudi na upepo wa mchana. Mwendesha baiskeli asiyeijua saa ya upepo huadhibiwa. Kisha ikanyesha mvua, na mbele kidogo gurudumu la nyuma likapata pancha. Nilikuwa nikilisukuma pikipiki hilo lisilo na moto, nimelowa hadi kofia, mama mmoja aliponiita kutoka barazani kwake.

"Mwanangu, pita ndani kwanza. Mvua haina haraka ya kwisha."

Hakuniuliza kabila wala kura yangu. Alitazama kofia yangu tu, akamtuma kijana wake ashike kuku, kisha akanipa mimi kisu. "Chinja mwenyewe," alisema, "upate kula bila wasiwasi." Yeye si Mwislamu. Lakini Kendu Bay ina Waislamu wa Kijaluo tangu zamani, na karibu na hapo, Kanyadhiang, ndiko kwao Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama, aliyesilimu. Mama huyo ameishi na majirani Waislamu, na amejifunza la kumfanyia mgeni wa dini hiyo. Nikajiuliza ni mambo mangapi ya kwake ambayo mimi nimejishughulisha kuyajua. Sikupata hata moja.

Usiku ule alinisimulia habari za Simbi Nyaima, ziwa dogo la chumvi lililo karibu na mji huo. Wajaluo husema kwamba palikuwa na kijiji hapo, na usiku mmoja wa mvua bibi kizee akaja akiomba hifadhi. Watu walikuwa katika ngoma na pombe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Kabla ya asubuhi kijiji chote kikazama, akasalimika aliyempokea mgeni na watu wake. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao wana ziwa zima la kuwakumbusha.

Asubuhi alikataa fedha zangu. Fundi wa baiskeli chini ya mwembe akaziba tyubu, nikaendelea hadi Homa Bay, kisha Mbita, nikavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, na kurudi Kisumu kwa njia ya Bondo. Mahali pengi malori yalinisukuma nje ya lami, mahali ambapo ukingo umekatika kama ngazi. Mimi nilipita mara moja, lakini wakulima wale hupita kila siku ya soko. Wanaojenga barabara hawana budi kuwaachia ukanda wao, maana ndio wanaotulisha.

Lakini neno langu kubwa ni kwetu sisi. Msafiri wa basi ni abiria, naye akishalipa nauli hana haja na mtu. Msafiri wa baiskeli ana haja ya maji, ya kivuli, ya fundi na ya mlango wa mtu. Haja hiyo ndiyo inayomfundisha kuzungumza na wenziwe. Vijana wetu wenye nguvu na waende wakaonje.

Na tujiulize jambo moja, ndugu msomaji. Akitokea kijana wa Kijaluo na baiskeli yake magharibi, amelowa, Gazi au Mambrui au Vanga, akabisha hodi kwako, je, utauliza kwanza ametoka bara gani, au utamwambia apite ndani? Mimi, kabla ya safari hii, sina hakika ningejibu nini. Sasa deni ninalo, na mlango wangu uko wazi.